Serikali imehamia mtandaoni, mwenye kitochi amebaki nje

Kila baada ya miezi mitatu Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, hutoa takwimu za sekta yake, na kila zinapotoka vichwa vya habari huwa vilevile: laini za simu zimeongezeka. Mwaka 2024 laini hizo zilivuka milioni 80, katika nchi ambayo sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7. Ukizisoma namba hizo kwa haraka utadhani kazi imekwisha na kila Mtanzania ameshafikiwa.

Lakini laini moja si mtu mmoja. Wengi wetu tunatembea na laini mbili au tatu: hii ya kupigia, hii ya bando, na hii nyingine kwa sababu kijijini kwa shangazi unashika mtandao mmoja tu. Tena laini haisemi imo kwenye simu gani. Takwimu hizohizo za TCRA, ukishuka kurasa kadhaa, zinaonyesha kuwa vitochi, yaani simu za kawaida zisizo janja, bado ni vingi kuliko simu janja, na kwamba mwaka 2023 simu janja zilizokuwa zikitumika zilikuwa sawa na theluthi moja hivi ya idadi ya watu. Hiyo ndiyo namba iliyostahili kubeba vichwa vya habari, kwa sababu nyuma yake wapo watu wengi ambao dola imeanza kuwapa kisogo bila kukusudia.

Katika miaka ya karibuni Serikali imehamisha madirisha yake mengi kutoka kaunta kwenda kwenye intaneti. Mkopo wa elimu ya juu unaombwa mtandaoni. Nafasi za utumishi wa umma zinaombwa kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira. Leseni ya biashara inapitia mfumo wa Tausi wa serikali za mitaa. Zabuni za umma zimo kwenye NeST. Naunga mkono mageuzi haya kwa moyo wote, maana yamepunguza safari za bure, foleni, na kile "kitu kidogo" kilichokuwa kikidaiwa kwenye madawati. Ninachopinga ni dhana iliyojificha ndani yake, kwamba kila mwananchi ana simu janja mfukoni na bando la kutosha. Wengi hawana. Mpaka watakapokuwa nazo, huduma ya umma isiyopatikana kwa kitochi ni huduma ambayo haijawafikia, hata kama mnara umesimama nyuma ya nyumba yao.

Kwa nini simu ilienea

Waliozaliwa baada ya mwaka 2000 watashangaa kusikia jinsi simu ilivyokuwa adimu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika la pamoja la posta na simu lilivunjika nayo, na Tanzania ikaunda Shirika lake la Posta na Simu. Aliyeomba simu ya nyumbani aliandika barua, akafuatilia, akasubiri miaka. Mwaka 2000 nchi nzima ilikuwa na laini za mezani zisizofika laki mbili, kwa watu zaidi ya milioni 30.

Mageuzi yaliyoanza na sheria za mwaka 1993 yalitenganisha simu na posta, na msimamizi wa sekta akawa chombo kingine kabisa. Mobitel, kampuni ya kwanza ya simu za mkononi, ilianza mwaka 1994. Vodacom ikaingia mwaka 2000 na Celtel mwaka 2001. Mwaka 2003 Bunge lilitunga sheria ya kuanzisha TCRA, na Februari 2005 ukiritimba wa kampuni ya simu ya TTCL kwenye simu za mezani ukafika mwisho. Baada ya hapo ukaja mfumo wa leseni ulioruhusu mmoja kujenga miundombinu na mwingine kuuza huduma juu yake. Ushindani ukashusha bei, vocha za kiasi kidogo zikafika hadi genge la mtaani, na wananchi wakajifunza kutumia kidogo walichonacho. Asiye na salio alibipu, na aliyebipiwa alielewa: mtoto amefika salama, mzigo umeshushwa, nipigie.

Hatua kubwa kuliko zote ilikuja mwaka 2008, M-Pesa, huduma ya kutumiana pesa kwa simu, ilipoanza hapa nchini, mwaka mmoja baada ya Kenya. Siri ya kuenea kwake inasahaulika upesi: huduma ile haikumdai mteja simu mpya. Unabonyeza nyota, namba, reli, na menyu inafunguka kwa maandishi. Menyu hiyo haipiti kwenye intaneti. Inatumia njia ya mawasiliano kati ya simu na mnara iliyokuwapo tangu simu za kizazi cha pili, ndiyo maana haitaki bando, na inafanya kazi kwenye simu ya shilingi 30,000 sawasawa na kwenye simu ya milioni tatu. Bibi wa Sumbawanga akaweza kupokea hela kutoka kwa mjukuu wa Mbagala kwa simu ileile aliyokuwa akiitumia kusikiliza redio.

Sera nayo ilisaidia. Benki Kuu iliiacha huduma ianze huku ikiifuatilia kwa karibu, na sheria ya mifumo ya malipo ikaja mwaka 2015, wakati watu walikwisha kuizoea. Mwaka 2014 kampuni za simu zilianza kukubaliana kutumiana pesa kati ya mtandao na mtandao, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za mwanzo Afrika kufanya hivyo. Matokeo yalionekana kwenye utafiti wa FinScope: watu wazima wanaotumia huduma rasmi za fedha walifika asilimia 65 mwaka 2017 na asilimia 76 mwaka 2023. Hakuna tawi la benki lililoweza kufanya hivyo. Kilichofanya ni kitochi, wakala mwenye mwavuli na daftari, na sera iliyomkuta mwananchi pale alipokuwa.

Benchi la steshenari

Sasa nenda steshenari yoyote jirani na stendi ya wilaya, siku ambazo dirisha la mikopo ya elimu ya juu liko wazi. Utakuta benchi limejaa. Ndani kuna kompyuta moja, printa inayogoma kila baada ya karatasi kumi, na kijana anayefanya kazi ya ofisi tano za umma kwa wakati mmoja. Mbele yake amekaa mama mwenye bahasha ya kaki: cheti cha kuzaliwa cha mtoto, cheti cha kifo cha baba, barua iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa.

"Mama, mtoto ana imeili?"

"Hayo mambo siyajui, mwanangu. Wewe tusaidie tu."

Kijana anatumia imeili yake, ileile aliyowatumia waliotangulia. Anabuni nenosiri, analiandika kwenye daftari la kaunta kando ya jina na namba ya mtihani wa kidato cha nne. Anaskani, anapakia, anachapa, anapiga hesabu. Mama anafungua fundo la kanga, analipa, anaondoka ameridhika kwamba mambo yamekwenda vizuri. Kwenye kitochi chake hataona ujumbe wowote ule wa mfumo uliotumwa kwa imeili. Kama kiambatisho kimoja hakikusomeka na mwombaji akatakiwa kurekebisha, taarifa itaingia kwenye sanduku la barua la kijana wa steshenari, katikati ya barua za waombaji wengine ambao majina yao ameshayasahau. Siku mwanafunzi atakapokuja kuuliza, huenda dirisha limeshafungwa.

Siwezi kumlaumu kijana yule. Bila yeye, mtoto wa mama huyo asingeomba kabisa. Ninachouliza ni kwa nini huduma tunayoambiwa ni ya bure mtandaoni imegeuka kuwa ya kulipia kwa yule aliye maskini zaidi, na kwa nini siri zake zimelala kwenye daftari la dukani. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, na Tume ya kuisimamia ipo. Sheria hiyo haiwezi kumlinda mtu ambaye mfumo wenyewe umemlazimisha kumkabidhi mpita njia namba yake ya kitambulisho cha taifa (NIDA), nenosiri na vyeti vyake vyote. Hali ni hiyohiyo kwa anayetafuta leseni ya duka, namba ya mlipakodi au kazi ya ualimu. Dalali wa karatasi tuliyemwondoa kwenye korido za ofisi amerudi, safari hii kwa sababu tumemhitaji.

Mnara ni nusu ya kazi

Nchi hii imewekeza sana kwenye kufikisha mawimbi. Nyaya za intaneti za SEACOM, zilizopita chini ya bahari, ziliwasili Dar es Salaam mwaka 2009, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukatandazwa kwenda mikoani na hadi mipakani mwa nchi jirani. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, unaochangiwa na kampuni zenyewe kutoka kwenye mapato yao, umekuwa ukitoa ruzuku ili minara ijengwe mahali ambapo biashara peke yake isingeipeleka. Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya minara 758 katika kata 713. Agosti 2022 TTCL ilifikisha intaneti kituo cha Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari kwenye Mlima Kilimanjaro. Hizi ni kazi za kujivunia, na mafundi waliobeba vifaa mabegani kupanda milima wanastahili heshima yetu.

Ila mnara unamaliza nusu ya safari. Nusu ya pili ni kifaa, na hapo bei inazungumza. Kitochi kipya hupatikana kwa shilingi 25,000 hadi 40,000, kinakaa na chaji siku kadhaa, na kikianguka shambani kinaokotwa kinaendelea. Simu janja ya bei ya chini inaanzia kama shilingi 150,000, na usiku betri imeisha. Amri ya mishahara ya mwaka 2022 iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa kilimo shilingi 140,000 kwa mwezi. Kwa kima hicho, mtu huyo hata angeacha kula, kuvaa na kusomesha kwa mwezi mzima, bado simu isingefika mkononi. Na ndani ya nyumba, simu janja ikipatikana moja, mara nyingi ni ya baba au ya kijana wa kiume. Mama ndiye anayebaki na kitochi, na ndiye huyohuyo anayefuatilia shule, kliniki na kikundi cha vikoba.

Serikali iliwahi kuliona hili. Kwenye bajeti ya mwaka 2021/2022 ilisamehe Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) kwenye simu janja, vishikwambi na modemu, ili watu wengi zaidi waingie kwenye intaneti. Mwaka uliofuata msamaha ukafutwa, kwa maelezo kwamba haukuwanufaisha watumiaji waliokusudiwa. Inawezekana kabisa bei hazikushuka madukani. Lakini mwaka mmoja ni muda gani? Muagizaji ana mzigo wa zamani ghalani, sokoni kuna simu zilizoingia kwa njia za panya, na hakuna aliyewekwa kufuatilia bei kuanzia bandarini hadi Kariakoo na kutoka Kariakoo hadi Tandahimba. Kenya ilisamehe kodi hiyo kwenye simu mwaka 2009 na ikauacha msamaha ufanye kazi hadi mwaka 2013. Ilikuwa ni miaka ambayo simu zilienea kwa kasi na pesa ya simu ikakomaa. Sisi tulipanda mbegu, tukaifukua kabla ya mvua za pili, tukasema haioti.

Gharama haiishii dukani. Mwaka 2024 muda wa maongezi ulibeba ushuru wa bidhaa wa asilimia 17, na juu ya jumla hiyo ikaja VAT ya asilimia 18. Piga hesabu: kwenye kila shilingi 1,000 aliyolipa mteja, takribani 276 zilikuwa kodi. Kodi hiyo inamgusa sawasawa mwenye gorofa Masaki na muuza mihogo wa Manzese. Kisha Julai 2021 ikaja tozo ya miamala, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala mmoja. Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba Septemba ya mwaka huohuo ilipunguzwa kwa asilimia 30, na baadaye ikaendelea kupunguzwa. Mawakala wanakumbuka vizuri miezi ile: wateja walirudi kutumiana noti mkononi mwa makondakta wa mabasi, njia ambayo M-Pesa ilikuwa imeiondoa.

Nafahamu kuwa Serikali inahitaji mapato na kwamba simu ni mahali rahisi pa kukusanya. Barabara na madarasa havijengwi kwa maneno. Hata hivyo kuna ukinzani hapa ambao lazima tuuseme wazi. Mkono mmoja unamwambia mwananchi ahamie kwenye intaneti kupata haki zake, na mkono wa pili unatoza kodi kila hatua ya kuifikia intaneti hiyo.

Mifano tunayo nyumbani

Watakaosoma makala hii wakiwa ofisi za TEHAMA wanaweza kusema kwamba kitochi ni teknolojia inayopita, na hakuna haja ya kutumia fedha za umma kujenga huduma za simu za jana. Ni hoja ya haki, na ingekuwa na nguvu kama kitochi kingekuwa kinapita mwaka huu au ujao. Hakipiti. Kinauzwa kila siku, na wanaokinunua ndio hasa wanaohitaji mikopo ya elimu, ruzuku za kilimo na matibabu ya bure ya mama na mtoto. Mtu anayesubiri hadi apate simu janja anapoteza miaka ambayo mtoto wake hatairudia.

Zaidi ya hayo, tayari tumeonyesha kwamba inawezekana. Mamlaka ya Serikali Mtandao ina menyu ya *152*00#, inayounganisha huduma za taasisi mbalimbali bila intaneti. Umeme wa LUKU unanunuliwa kwa kitochi saa sita usiku. Ada, faini na ushuru unaolipwa kwa kontroli namba unalipika kwenye menyu ya pesa ya simu, na mtu hahitaji kujua kuwa nyuma yake kuna mfumo mkubwa wa malipo ya Serikali.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni m-mama. Mjamzito au mama aliyejifungua akipata dharura, mtu yeyote aliye naye anapiga 115 bila malipo, kwa simu yoyote. Anayepokea anauliza maswali yaliyopangwa, mfumo wa kompyuta ulio mbele yake unamwonyesha mgonjwa apelekwe kituo gani na kwa usafiri gani. Ambulansi isipokuwapo, anaitwa dereva wa jamii aliyesajiliwa aliye karibu, na nauli yake inalipwa kwa pesa ya simu. Mpango ulianzia kanda ya Ziwa kwa majaribio, na kuanzia mwaka 2022 ukasambazwa nchi nzima. Tazama ulivyopangwa: ramani, programu, malipo na uamuzi mgumu vyote viko ofisini. Mwananchi hakuombwa kitu zaidi ya tarakimu tatu. Huo ndio mpangilio ambao kila mfumo wa umma ungepaswa kuufuata. Ugumu wa teknolojia ubebwe na ofisi yenye mishahara, kompyuta na umeme. Mwananchi abebeshwe kile anachokiweza.

Tufanye nini

Kwanza, Mamlaka ya Serikali Mtandao, ambayo sheria ya mwaka 2019 imeipa nguvu juu ya mifumo ya umma, iweke sharti moja: hakuna mfumo unaowahudumia wananchi utakaozinduliwa bila njia ya kitochi kwa hatua zake za msingi. Si lazima fomu yote ijazwe kwa namba. Inatosha mwombaji aweze kuanzisha ombi kwa jina lake na namba yake mwenyewe, aulize limefikia wapi, na apate ujumbe mfupi wa Kiswahili linapokwama. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole tangu mwaka 2019 na zimefungwa na namba za NIDA. Serikali inamjua mwenye simu. Itumie ufahamu huo kumhudumia.

Pili, kwa zile hatua zinazodai skana na kompyuta, kuwe na dawati la msaada wa bure kwenye kila ofisi ya kata, na kwenye ofisi za Posta ambako vituo vya Huduma Pamoja vimeshaanza. Vijana wa steshenari wenye ujuzi waajiriwe humo, wafunzwe sheria ya taarifa binafsi, walipwe. Kazi wanaijua tayari.

Tatu, msamaha wa VAT urudishwe kwa simu janja za bei ya chini tu, kwa kikomo cha bei kitakachotangazwa, kwa miaka isiyopungua mitano, huku Tume ya Ushindani ikitangaza bei za madukani kila robo mwaka ili tuone nani anakula nafuu hiyo. Sambamba na hilo, ushuru wa bidhaa kwenye muda wa maongezi na bando upunguzwe kidogokidogo kwa ratiba inayojulikana, ili wafanyabiashara na Hazina wajipange.

Nne, TCRA ibadilishe inachokitanguliza kwenye taarifa zake. Hesabu ya laini iwekwe chini. Juu kabisa kuwe na watu, kwa mkoa na kwa jinsia: wangapi wana simu janja, wangapi walitumia intaneti mwezi huu, wangapi wamepata huduma ya Serikali kwa simu yao wenyewe bila kumlipa mtu wa kati. Waziri atakayepimwa kwa namba hizo atafanya maamuzi tofauti na anayepongezwa kwa laini milioni 80.

Mwaka 2008 tulifanikiwa kwa sababu huduma ilimfuata mwananchi kwenye simu aliyokuwa nayo, na kuanzia hapo mamilioni wakapata sababu na uwezo wa kununua simu bora zaidi. Njia hiyo haijafungwa. Kinachotakiwa ni watunga sera kuikubali kama wajibu, kwa sababu huduma za umma zinalipiwa na wote, na mwenye kitochi analipa kodi yake kila anapoweka vocha.